Usiguse nobu! Pete yako ya mbele imekaa pabaya

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba darubini ya bunduki yako ya AR-15 haishiki shabaha, na kesho unataka kununua nyingine ya dola 900. Iache dukani. Nimeikuza picha yako mpaka simu ikapata moto: kati ya pete mbili zinazoshika darubini, ya nyuma umeifunga juu ya mwili wa bunduki, sawa, lakini ya mbele umeifunga kwenye kava ya mtutu, pale mkono wa mbele unaposhika. Unasema kwa yadi 100 risasi zinatua kulia, kisha kushoto, kisha juu, na kila ukizungusha nobu, kile kidude cha darubini cha kusogeza shabaha, mambo yanazidi kuharibika. Najua. Yamenikuta hayo hayo, na yalinikuta vibaya.

Sikiliza. Kwenye AR-15 reli ya juu, ule mgongo wenye meno unaofungiwa darubini, inaonekana kama kitu kimoja kuanzia nyuma mpaka mbele. Siyo. Pitisha kidole juu yake polepole, utafika mahali ukucha unanasa kwenye ufa mwembamba. Nyuma ya ufa ni mwili wa bunduki, aluminiamu isiyocheza. Mbele yake ni kava, ambayo imeshikwa kwenye nati ya mtutu tu, basi. Ukiilaza juu ya mfuko wa mchanga inapinda kidogo. Ukivuta mkanda inapinda. Kidogo sana, jicho halioni, lakini shabaha ya yadi 100 inaona. Wewe umeweka mguu mmoja wa darubini kwenye nyumba na mwingine kwenye mtumbwi, halafu unalaumu kioo!

Mimi nilifungiwa hivyo hivyo dukani, huku Texas, na kijana mwenye ndevu za kuchongwa na kujiamini kama mpiga ramli. Nilimwambia nikichungulia naona kivuli cheusi pembeni. Jicho langu lilikuwa karibu mno na kioo. Darubini nyingi zinataka nafasi ya kama inchi 3 na nusu. Dawa yake nini? Akaisogeza mbele, pete ikavuka ufa, picha ikawa safi, akanipiga begani: "Imekaa kama mwamba hiyo." Mwamba! Mwamba wa sabuni labda. Na pesa ya kazi akachukua.

Jumamosi tatu mfululizo nilikuwa uwanja wa shabaha. Napiga tatu, nazungusha nobu kliki nane kushoto. Napiga tatu, narudisha sita. Maboksi tisa ya risasi ishirini ishirini, mkuu, hesabu mwenyewe. Jumamosi ya tatu, kwa bahati tu, risasi tatu zikatua karibu karibu katikati. Nikashangilia, nikapiga picha, nikamtumia shemeji yangu Tanga. Nikajiona komando.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye ranchi ya mzee mmoja ambaye nguruwe pori walikuwa wanamfukulia malisho kama trekta. Tangu 2019 Texas haikudai leseni ya kuwawinda hao kwenye ardhi ya mtu binafsi, ilimradi mwenye ardhi amekuruhusu. Kwa hiyo neno la yule mzee ndiyo ilikuwa leseni yangu. Nguruwe akatokea kama yadi 80, amesimama ubavu, hata mtoto angempata. Nimeilaza bunduki juu ya nguzo ya uzio, kava ikiwa imebanwa pale chini. Nikafyatua. Risasi ikampata tumboni, akakimbilia kwenye miiba akipiga kelele ambazo bado nazisikia. Tulimtafuta mpaka giza likaingia, mzee mbele na tochi, mimi nyuma nimekunja mkia. Hatukumpata. Mzee hakunigombeza. Alinifungulia geti tu, na tangu siku ile hapokei simu yangu. (Msiniulize kama nilikuwa naenda kumla huyo nguruwe. Hayo ni kati yangu na Mola wangu.)

Basi sheria yangu ni moja: skrubu kwanza, nobu mwisho. Risasi zikikusanyika mahali pamoja lakini si katikati, hapo zungusha nobu, ndiyo kazi yake. Kama kliki yako moja inasogeza risasi kama robo inchi kwa yadi 100, kliki nne ni kama inchi moja. Zikitawanyika, USIGUSE nobu. Kuna kitu kinacheza, na huwezi kurekebisha kitu kinachocheza.

Toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba kwa macho na kidole. Kutoa magazini peke yake hakutoshi, hii ni bunduki inayojipakia. Kisha ng'oa hizo pete mbili. Nunua kiweko cha kipande kimoja, kile ambacho pete zake zimechomoza mbele lakini miguu yote inakaa nyuma ya ufa. Jicho litapata nafasi yake bila kuvuka popote. Kabla hujakaza, kisukume mbele kwenye reli mpaka kigote. Bolti ya bunduki hizi inagonga kwenda na kurudi, kila upenyo utautafuta. Skrubu za pete kaza kwa bisibisi inayopima nguvu. Nyingi ni pauni-inchi 15 hadi 18, soma karatasi iliyokuja nazo. Usikaze kwa hasira, utabonyeza bomba la darubini kama kopo la soda. Halafu pitisha mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete. Mstari ukikatika, skrubu imelegea, huhitaji kubahatisha. Mke wangu bado anatafuta chupa yake nyekundu, tafadhali mtu asimwambie.

Funga hicho kiweko, upige picha ya ubavuni nione miguu imekaa wapi.