Nimemshonea magauni manne, kamsuka mwanangu mara mbili tu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, naishi Magomeni, Mtwara mjini, nina watoto watatu. Mume wangu anapata kibarua bandarini msimu wa korosho; msimu ukiisha anaweza kumaliza mwezi hajaitwa. Kwa hiyo mimi nabadilishana kazi na watu. Mwalimu jirani anamfundisha mwanangu tuisheni, mimi namshonea wanawe sare. Mama muuza samaki ananipa kitoweo, namrekebishia nguo. Shida ni shoga yangu msusi. Kabla ya Idi nilimshonea magauni manne, yeye kamsuka binti yangu mara mbili tu, na kila nikimpitia ana wateja wa fedha. Naona haya kumdai. Mume wangu anasema huku ni kuombaomba, niache. Na sasa kuna mtu anataka kutupa viroba vinne vya sembe, tumlipe kwa korosho za shamba la mama yangu Tandahimba mwezi wa kumi. Nishauri. Fundi wa Magomeni.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hivyo viroba, maana havisubiri. Usivipokee. Kama vimeshaingia ndani, virudishe kabla hamjafungua hata kimoja.

Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mnada rasmi, mara nyingi zikiwa bado mtini, hata kama mwenye kuileta hakuitaja. Mikorosho ya mama yako haijatoa hata ua. Itachanua katikati ya mwaka, korosho zianze kuokotwa Septemba na Oktoba, na bei ijulikane mnadani. Anayekupangia leo kilo ngapi kwa kiroba kimoja anajua kwamba huna bei ya kumpinga nayo, na anajua kwamba watoto wanataka kula. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ile haikumwongezea hata senti mkulima aliyekwisha kuziahidi zake kwa kangomba. Tena biashara yenyewe imekatazwa: tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinapitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo zinawekwa ghalani kisha zinauzwa mnadani. Na kubwa kuliko yote, hizo korosho ni za mama. Hata kwa bei nzuri, haikuwa juu yako kuziahidi.

Unachofanya na mwalimu ni jambo jingine kabisa. Wewe unatoa kazi ya mikono yako, yeye anatoa yake, kila mmoja anaiona thamani ya mwenzake siku hiyo hiyo, na hakuna anayevizia njaa ya mwingine. Endelea nalo bila kuona aibu yoyote.

Sasa shoga yako. Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali mlipokubaliana gauni moja ni misuko mingapi, sikupaona. Nadhani hamkukubaliana. Ulimwambia "utanisukia watoto", akasema "haina neno", mkacheka. Basi yeye kichwani mwake huenda ameshalipa, na wewe kichwani mwako anadaiwa, na wote wawili hamsemi uongo. Sisi watu wa pwani tunaona kumtajia rafiki kiasi ni kumvunjia heshima. Halafu tunakaa na kinyongo mwaka mzima, tunapishana njiani kwa salamu fupi, na urafiki unakufa.

Chukua bei zenu za kawaida, zile mnazowatoza wateja wa fedha. Tuseme ufundi wako wa gauni ni shilingi 10,000 na msuko wake wa mtoto ni 5,000. Gauni moja ni misuko miwili, magauni manne ni minane, amesuka miwili, imebaki sita. Usihesabu saa. Yeye atasema kusuka kunachukua nusu siku, wewe utasema darizi za shingo zilikukesha, na hamtafika popote.

Mfuate asubuhi ya siku isiyo na wateja, usiende Ijumaa wala mkesha wa sikukuu, na usiende na binti yako kana kwamba umekuja kukamata mali. Mwambie: "Shoga yangu, nimekuja tuweke hesabu yetu sawa, isije ikatuharibia. Mimi naona imebaki misuko sita. Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema mitano, kubali mitano. Mpangie siku ambazo kwake ni kavu, labda Jumanne mbili kwa mwezi, ili asikuweke mbele ya wateja wanaompa fedha ya kula. Hapo ana haki, naye ana watoto. Akikataa kabisa, usimshonee tena kwa kubadilishana. Akija, mtajie bei kama mteja yeyote.

Mkikubaliana, andikeni kwenye daftari mbele yake. Asione vibaya. Umetaja Idi, basi bila shaka unaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Aya hiyo hiyo inasema biashara ya mkono kwa mkono si vibaya isipoandikwa. Kwa hiyo samaki wa leo kwa pindo la leo hayahitaji daftari. Magauni ya Idi kwa misuko ya miezi ijayo yanahitaji.

Kwa mama wa samaki nina neno moja tu: akikupa kazi kubwa, usikubali akulipe tenga zima siku moja. Litakuozea. Mwombe akulipe fungu moja moja kwa wiki kadhaa, au dagaa wakavu.

Kuna jambo hukuligusa nami linanitia wasiwasi. Uzi, zipu, bitana na umeme unanunua kwa fedha. Ukishona gauni kwa kubadilishana ukaweka na zipu yako, umetoa kazi na umetoa fedha pia. Tangu leo badilisha ufundi peke yake. Kitambaa na vifaa alete mwenye nguo, au akupe fedha yake kabla hujakata. Na kodi na ada haziendi kwa misuko, kwa hiyo bakiza siku nyingi za wiki kwa wateja wa fedha.

Mume wako. Sidhani kama anachukia kubadilishana. Nadhani anaumia kuona chakula kinaingia ndani na mkono wake haumo. Usimjibu kwa hoja, mtafutie nafasi. Mama yako atahitaji shamba lisafishwe, na mikorosho ipuliziwe dawa ya salfa kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujashambulia maua. Vibarua wa kazi hiyo wanalipwa fedha. Mwambie mumeo aende Tandahimba wakati bandari imelala, afanye kazi hiyo, naye mama awape mihogo na mbaazi sasa, na korosho zikishauzwa mnadani awape sehemu mtakayokubaliana wote watatu. Mkwe kumsaidia mama mkwe shambani si jambo la kumshusha mtu kwetu kusini. Lakini ombi hilo alisikie mama kwanza kutoka kwako, kabla mumeo hajafunga safari.