Maswali yenu: Hermes, piramidi na msimulizi mwenye sauti nzito

Barua za safari hii karibu zote zimezaliwa na dokumentari za falsafa ya Hermes Trismegistus, mhenga wa Misri ya kale anayesimuliwa kuwa mwandishi wa maandiko ya siri, zile zenye mishumaa, moshi na msimulizi anayeongea kama yuko ndani ya kisima. Nimechagua chache.

Dokumentari niliyoona inasema Hermes Trismegistus aliandika kabla ya Musa. Kweli? (Msomaji, Morogoro)

Uongo huo ulishakamatwa mwaka 1614. Maandiko yenyewe, Corpus Hermeticum, yaliletwa na mtawa mmoja mjini Florence, Italia, karibu na mwaka 1460, akampelekea Cosimo de' Medici, tajiri aliyeutawala mji huo. Mzee aliona siku zake zinayoyoma, akamwamuru mwanafalsafa wake, Marsilio Ficino, amwache Plato kwanza, amtafsirie Hermes. Ficino akamaliza 1463, Cosimo akafa mwaka uliofuata. Kwa miaka 150 hivi wasomi wa Ulaya wakaapa kwamba wameshika maneno ya mhenga wa Misri ya kale. Ndipo Isaac Casaubon, bingwa wa Kigiriki, alipoketi akayasoma. Akakuta lugha ni ya baada ya Kristo. Tena humo ametajwa Phidias, mchongaji wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Aliyemtangulia Musa alimjuaje Phidias? Leo wataalamu huyaweka zaidi kati ya karne ya 1 na ya 3, Misri ikiwa chini ya Warumi.

Watengeneza filamu humpenda Ficino kwa sababu Florence hupendeza kwenye picha. Casaubon huwaharibia biashara. Ukiona filamu imetoka kwa Ficino ikatua kwenye piramidi za Giza bila kumgusa Casaubon, umerukishwa shimo.

Katika zile kanuni saba za Hermes, nianze na ipi? (Kisumu)

Anza na tarehe. Kanuni saba zimetoka kwenye The Kybalion, kitabu kilichochapwa Chicago mwaka 1908 na watu waliojiita "Three Initiates". Wengi humtaja William Walker Atkinson, mwanasheria aliyeandika vitabu vingi vya nguvu za mawazo, kuwa ndiye mwandishi. Reli iliyofika hapo kwenu mwaka 1901 ina umri mkubwa kuliko hizo kanuni. Kisome ukipenda, ila usiniletee kama urithi wa Mafarao.

Nijiungeje Freemason?

Jamani! Kila mwezi? Hermes si ofisi ya usajili, wala mimi si wakala. Anayekuomba "ada ya fomu" kwa simu ni tapeli.

Mbona filamu hizi zimejaa Wazungu tu? Waarabu hawakuwa na lao? (Tanga)

Swali la maana, mwenzangu. Kibao cha Zumaridi, andiko fupi linalopewa jina la Hermes, chenye ule msemo wa yaliyo juu na yaliyo chini, nakala zake kongwe tulizonazo ni za Kiarabu, ndani ya Kitab Sirr al-Khaliqa (Kitabu cha Siri ya Uumbaji) kilichopewa jina la Balinus, yaani Apollonius wa Tyana. Tafsiri ya Kilatini ilikuja baadaye, na Isaac Newton akakifasiri Kibao hicho kwa Kiingereza baadaye zaidi. Waandishi wa Kiislamu kama Abu Ma'shar wa Balkh walimfananisha Hermes na Nabii Idris. Angalia vizuri: Kurani inamtaja Idris, haimtaji Hermes. Undugu huo ni wa wanafalaki. Hata vitabu vya ramli vya Kiarabu humpa Idris uasisi wa fani, kwa hiyo mpiga ramli wa pwani ana haki ya kucheka anapoonyeshwa "siri" hii na kijana wa London aliyevaa joho.

Kuzitazama ni dhambi?

Muulize shehe wako au padri. Hii ni safu ya filamu.

Basi nitazame ipi?

Ile inayokuonyesha karatasi na kukuambia iko kabati gani. Amsterdam kuna maktaba ya Joost Ritman, iliyojaa vitabu vya Kihermesi. Cairo, Makumbusho ya Koptiki, zimo kodeksi, yaani vitabu vya kale vya mkono, za Nag Hammadi huko Misri, zilizofukuliwa 1945, na ile ya sita ina maandiko ya Hermes kwa Kikoptiki, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri. Kamera ikifika hapo, zima simu utazame. Ikibaki kwenye mishumaa, lala.