Mgonjwa wa kisukari: funga, mlo na fidia

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, natumia vidonge vya glibenklamidi na metformini, na kliniki wamenipangia mlo. Nyumbani kwetu futari ni muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati. Je, nifunge? Kujitoboa kidole kupima sukari kunabatilisha saumu? Nikishindwa, fidia ni kiasi gani?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa ale kisha alipe siku nyingine. Ugonjwa unaofikia kiwango cha kuruhusu kula hujulikana kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe au kauli ya tabibu mwaminifu, basi anza kliniki, wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, hata tumbo likiwa tupu, ndiyo maana sukari huweza kushuka ghafla alasiri. Daktari anaweza kupunguza dozi ya daku au kubadilisha dawa kabisa, usijipangie. Akikukataza kufunga, nakusihi ipokee ruhusa ya Mola wako kwa moyo mkunjufu.

Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, iliamua pia kwamba sindano za tiba zisizo za lishe hazibatilishi, na insulini imo humo. Kwa hiyo pima mchana bila wasiwasi. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 kwa mashine za milimoli (au 70 kwa mashine za miligramu), fungua hapo hapo, hata kama adhana ya Magharibi imebakiza dakika kumi: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ukitetemeka na kutoka jasho la baridi na mashine haipo karibu, fungua vilevile. Ikizidi 16.7 (300) fungua pia, lakini kwa maji matupu, na uwasiliane na kliniki.

Futari ndipo wengi wanapoharibu. Tende moja inatosha kupata sunna, na asiyekuwa na tende hufungua kwa maji. Muhogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi vyote ni wanga: chagua kimoja, kisizidi robo ya sahani. Nusu iwe mboga, robo iliyobaki samaki au kunde. Tui liwe jepesi. Kaimati zenye shira na tambi za sukari ziache. Daku usiiruke, na uicheleweshe karibu na alfajiri kama ilivyo sunna. Ugali wa dona na maharage hukaa tumboni, chai ya sukari na mkate mweupe haifiki mbali.

Fidia si badala ya kulipa kwa anayeweza kulipa. Ukiweza kufunga miezi mingine, kadha, yaani kuzilipa siku hizo, inakutosha. Asiyetarajiwa kupona kiasi cha kuweza kufunga, kwa madhehebu ya Shafi hutoa kibaba kimoja kwa kila siku, yaani robo ya pishi, takriban gramu 600 hadi 750 za mchele, apewe maskini. Kwa siku 30 ni kilo 18 hadi 22 na nusu. Usiitoe kabla Ramadhani haijaingia. Toa kila siku baada ya alfajiri, au ikusanye mwisho wa mwezi.

Wallahu aalam.