Mwanangu, kioo hakikushiki mkono

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nakanda unga wa mahamri na simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa sukari, kwa hivyo jibu likichelewa ujue ni mikono. Wauliza kama mtu aweza kujifunza kujihami mwenyewe nyumbani kwa video za YouTube bila kumlipa mwalimu, na kama ununue lile begi la kupiga ngumi ulitundike kwenye hiyo nyumba yako ya Nairobi. Begi usinunue. Mwenye nyumba atakutoa kabla mwizi hajakuona, na dari zenyewe za siku hizi wazijua.

Haya, begi limekwisha. Hilo jingine ndo refu.

Mjombako wamjua alivyo. Yeye judo alijifunza kwa kitabu, kitabu chenyewe hakina jalada, akatoa magodoro mawili uani kwetu Kibokoni, Mombasa, akawa kila jioni anajirusha, bibi yako anapiga kelele pamba inatoka. Na kila tukikaa kula ni Jigoro Kano, Jigoro Kano, yule mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo 1882 kwenye hekalu huko Tokyo kwa mikeka 12 tu, mpaka mikeka ile mie naijua kama ya kwetu. Lakini kimoja nilikishika. Kano alikuwa na mazoezi ya aina mbili, kuna yale ya kupangwa ambayo wewe na mwenzio mshajua nani afanya nini, na kuna hayo waitayo randori, hapo mwenzio hataki kuanguka na wewe hutaki na hakuna ajuaye kitakachotokea. Mjombako alifanya yale ya kwanza tu, tena peke yake, mwenzake godoro. Godoro halibishi.

Na mimi nikamuiga, hilo sidhani nishawahi kukwambia. Ilikuwa 1984, nasoma kupiga taipu jioni, nikirudi usiku nasimama mbele ya kabati la bibi, lile la kioo chenye ufa, najishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, afu najitoa. Ukishikwa hivyo hutoki kwa kuvuta nyuma, watoka upande wa gumba, pale gumba linapokutana na vidole pana mwanya, wakunja kiwiko, wauzungusha mkono kuja kwako, unachomoka. Na ni kweli, jaribu sasa hivi. Miezi sita. Nilikuwa hodari, mkono wangu wa kushoto niliushinda kila siku.

Sasa siku hiyo natoka masomoni, magharibi yaingia, nashuka barabara ya Digo (babu yako mpaka anakufa aliiita Salim Road na ukimsahihisha anakununia), nimefika nje ya soko la Marikiti pale kwenye ndimu na pilipili, mtu akanidaka mkono. Ataka bangili. Ile ile ya bibi niliyokuvisha harusi ya dadako ukasema yakubana. Wajua nilifanya nini? Nilivuta nyuma. Kama mbuzi wa Idi. Gumba sikuliona, kiwiko hakikukunja, na mdomo ulikauka kabisa, sauti sina. Manake mkono wangu wa kushoto haukuwahi kunishika kwa nguvu zile, haukuwa na jasho, na haukunitazama usoni.

Mama muuza ndimu ndo alopiga kelele. "Mwizi!" Neno moja tu. Kijana akaniachia akakimbia, hatua kumi hazikufika, watu washamzunguka, na alipoanguka ndo nikamjua, ni yule aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni mifereji ikikauka. Na mie nimesimama, bangili ninayo, sijapotelewa hata na shanga, na neno lililotakiwa hapo ni "basi", ni "mwacheni", halikutoka. Mdomo ule ule, mara ya pili. Mzee mmoja wa watu aliyekuwa anakwenda msikitini akaingia katikati na kanzu yake nyeupe mpaka wakaacha. Jicho moja halikurudi. Baada ya miezi akaanza tena kupita na mkokoteni wake, maji, maji, na mie nikiisikia ile sauti narudi nyuma ya pazia, namtuma mjombako akalipe.

Ndo maana nakwambia kioo hakikushiki mkono, na video ndo kioo hicho hicho, tofauti ni kuwa ndani yumo mtu mwengine.

Lakini ngoja, nisikuharibie. Kuna mambo peke yako wayaweza na yana faida, siwezi kudanganya. Kamba ya kuruka waijua toka darasa la pili, pumzi ikusaidie kukimbia, na kukimbia ndo kujihami kwenyewe. Kuanguka kwenye godoro huku kidevu umekibana kifuani kichwa kisipige chini, mjombako hilo alilipata na lilimwokoa siku ya ngazi. Ngumi achana nayo, vile vifupa vya mkono upande wa kidole kidogo vyavunjika upesi ukimpiga mtu kichwani, tumia kiganja, ile nyama ya chini karibu na kifundo. Na simu wakitaka mpe. Mpe! Ile bangili nami ningeitoa, sijui leo ningeitoa, nasema tu ningeitoa.

Na sauti. Hiyo video haikufunzi, na gorofani ukijifunza majirani watagonga mlango, basi nenda bafuni ufungulie maji useme "Niache!" kwa tumbo sio kwa koo. Niache, mwanangu. Sio lile neno jingine, lile ukishalitoa si lako tena, ni la barabara nzima. Lakini yule mama angesema nini? Angeita "jamani" watu wangegeuka kweli? Miaka yote hii nabishana naye kichwani, na yeye ndo aliyeniokoa, hata ndimu zake siku ile zilikanyagwa zote na hakuna aliyemlipa, wala mie.

Sasa usingoje nikwambie nenda kwa mwalimu au usiende. We mtu mzima, pesa zako, usiku watoka kazini we sio mie. Sisemi. Babako asema lazima uende lakini babako kwake kila kitu ni lazima. Mie sisemi, ila kama hapo karibu na kazini kuna mahali wafundisha judo, na kuna watu wa kushikana nao kweli, wanene kwa wembamba, na siku ya kwanza hawatozi, basi hapo pia sisemi.

Bangili nimeipeleka kwa sonara ameipanua kidogo. Ukija Idi utaikuta. Na nitakushika mkono, kwa nguvu, sitakwambia saa ngapi.

Mamako