Maswali Yenu: Kamera ya zamani imetoka sandukuni, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga. Miaka ya tisini nilikuwa na Yashica yangu ya filamu, ile ndogo nyeusi ya kuzungusha kwa kidole gumba, nikawa napiga harusi za walimu wenzangu, mahafali, watoto wakiogelea Raskazone, si kwa biashara, ni kupenda tu. Baadaye maisha yakaingiliana nikaacha. Juzi tumehamisha masanduku nimeikuta, betri zimetapika ndani na kile kidirisha cha kuhesabu picha kimesimama kwenye 17. Hamu imenirudia kabisa. Je, niitengeneze, ninunue ya digitali, au hii simu inatosha? La pili, nimeanza kupiga kwa simu na kutupia picha kwenye grupu letu la wastaafu WhatsApp, mwanzo walisifia, sasa hivi kimya, na mmoja kaniambia "mwalimu unatumalizia bando". Nimejisikia vibaya. – Mwalimu, Tanga

JIBU: Shikamoo mwalimu. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu ya hiyo namba 17, manake umeitaja kama jambo dogo na kumbe ndo habari yenyewe. Kwenye kamera za aina hiyo namba inarudi mwanzo ukifungua mlango wa nyuma, sasa kama imebaki 17 maana yake mlango haujafunguliwa tangu picha ya mwisho, yaani kuna uwezekano mkubwa ndani mna filamu na hizo picha 17 za miaka hiyo hazijawahi kusafishwa, yaani kutiwa dawa ili zionekane. Kwa hiyo tafadhali USIFUNGUE NYUMA. Shika kile kimkono kidogo cha juu cha kukunjia filamu, kizungushe taratibu sana kufuata mshale, ukisikia kinakaza kama kinavuta kitu basi filamu ipo. Hapo bonyeza kile kidude cha chini cha kuachia, halafu kunja mpaka usikie imekuwa nyepesi ghafla, ndo imeingia yote kwenye kopo lake, sasa fungua.

Najua utashawishika kumalizia picha zilizobaki, mi ningekuwa wewe nisingefanya hivyo. Filamu iliyokaa kwenye joto la Tanga miaka yote hiyo rangi zake zimechoka, na picha mpya utakazoongeza zitatoka na ukungu uleule. Ukimpelekea msafishaji mwambie ukweli kwamba ni ya zamani na imekaa bila kusafishwa, kuna wanaoisafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe hata kama ni ya rangi, kwa sababu rangi ikishakufa mara nyingi umbo la picha bado lipo. Usitegemee muujiza, unaweza kupata vivuli tu, ila hata kivuli cha mtu unayemjua kinatosha kumtambua.

Kamera yenyewe sasa. Uchafu wa betri unatoka, chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye siki kidogo (limao pia linafaa), sugua vile vibati mpaka ule weupe na ukijani uishe, futa kwa kitambaa kikavu, acha ipumzike kisha weka betri mpya za AA. Filamu ikishatoka elekeza kamera dirishani mlango wa nyuma ukiwa wazi, bonyeza kitufe, uone kama mwanga unapita kwenye lenzi japo kufumba na kufumbua. Angalia lenzi pia kwa tochi ya simu, ukiona vitu kama utando wa buibui hao ni fangasi, ugonjwa wa kamera za pwani wote tunaujua, kama ni wachache piga hivyohivyo. Na pembeni ya mlango huwa kuna kisponji chembamba cha kuzuia mwanga, kikizeeka kinageuka gundi nyeusi na picha zinatoka na michirizi myekundu au ya njano, kinabadilishwa kirahisi.

Ila mwalimu, kabla hujanunua filamu mpya hata moja, ulizia kwanza nani ataisafisha na kwa bei gani. Zile studio zilizokuwa kila mtaa na kibao cha kusafisha picha kwa saa moja mashine zao nyingi zilishazimwa, siku hizi wanatoa picha za pasipoti na kuprinti za simu basi, ukikosa wa karibu itabidi utume Dar au Nairobi na uhesabu na nauli. Ndo maana mi nasema anza na simu. Hiyo ya digitali usinunue sasa, ngoja miezi kadhaa uone kama hamu ni ya kweli au ni ya sanduku tu. Yashica iwe ya sikukuu, filamu moja ya picha 36 ikae nayo mwaka mzima, raha yake ni kwamba kila ukibonyeza unajua umetumia hela kwa hiyo unaangalia kwanza.

Na wewe kwa bahati umekaa mji wa kupiga picha. Jua linatokea upande wa bahari, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko Raskazone mwanga wote mbele yako, jioni nenda Ngamiani kwenye zile barabara za namba, baiskeli zinarudi makwao na jua limelala chini. Omba ruhusa tu, ukishaamkia mtu kwanza mara nyingi anakaa mwenyewe vizuri. Bandarini na majengo ya serikali achana nayo, mlinzi hatakuuliza ulistaafu lini.

Haya, kuhusu grupu. Wenzako picha hawazichukii, wamechoka na wingi. Mtu anafungua simu anakuta picha nyingi za bahari ileile, anapitisha kidole basi, hajui acoment ipi. Wewe ulisahihisha madaftari miaka na miaka, sahihisha na hizi: katika zote za wiki tuma moja, ukizidi mbili, na uandike chini nani huyo, wapi, alikuwa anafanya nini. Picha ya fundi baiskeli bila maneno ni fundi baiskeli, ila ukiandika "huyu ni mjukuu wa yule mzee aliyekuwa anatutengenezea baiskeli enzi zile" utaona grupu zima linaamka, huyu anamkumbuka babu, yule anadaiwa hela ya tairi mpaka leo. Pia wape kazi na wao, sema Jumamosi kila mtu atume picha ya mlango wa nyumba aliyozaliwa au chombo cha zamani kuliko vyote jikoni. Simu wote wanazo, wengine watakushangaza. Halafu yule aliyelalamika bando mpelekee yake mkononi, printi moja ya saizi ya kadi, umpige yeye mwenyewe vizuri. Sijaona bado mtu aliyekataa picha yake iliyoprintiwa.

SWALI: Mambo! Nikipiga picha za timu yetu ya mtaani mchana sura zote zinatoka nyeusi tii, mbingu nzuri kinoma. Simu yangu sio ya bei mbaya. Tatizo nini? – Kijana wa Moro

JIBU: Poa. Simu nzima, tatizo ni mbingu. Kamera haijui kama inapiga watu, inajumlisha mwanga wote inautaka uwe wa kati, sasa nyuma yenu kuna anga jeupe inapunguza mwanga wa picha nzima, na sisi wenye rangi zetu tunazama. Gusa sura ya mtu kwenye kioo cha simu, kitatokea kialama cha jua, kisukume juu taratibu mpaka sura ije, mbingu ikiungua ikawa nyeupe tupu iache iungue, nani anaitazama? Au wahamishe wachezaji wasimame kwenye ukingo wa kivuli cha mwembe wakiangalia kwenye uwazi, uzuri wake ni kwamba hakuna anayekunja macho. Mechi ikiisha jioni wahi kabla jezi hazijavuliwa, huku kwetu jua likishazama dakika kama 20 hivi giza limeshashika, haisubiri. Na zile filta za kung'arisha ngozi achana nazo kaka, kipa wenu kawa mtu mwingine.

SWALI: Dada asalaam aleykum. Niko Muscat, bibi yangu alihama Unguja na albamu mbili, picha zimegandana na plastiki. Nataka niwatumie binamu zangu walio Zanzibar na Uingereza lakini nikituma WhatsApp zinafika zimefifia. Nizibandue? – Mjukuu

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu. Zilizogoma usizibandue kwa nguvu, sura itabaki kwenye plastiki. Zinazolegea pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake kama unakata, polepole, zingine zipige zikiwa hapohapo. Weka karibu na dirisha lakini si juani, zima flashi, simu iwe sambamba na picha, ukiona inameta vaa nguo nyeusi au mtu akushikie kitambaa cheusi nyuma yako. Kutuma, tuma kama dokumenti badala ya picha, WhatsApp haitaibana, maana kule kubanwa ndo kunazifanya zififie.

Zile zilizobanduka geuza na upige na mgongo wake. Picha za Unguja za zamani mara nyingi zina muhuri wa studio, ukikuta wa Capital Art Studio hiyo ni ile ya Mji Mkongwe aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na muhuri ukiambatana na tarehe au namba unapata pa kuanzia kujua ilipigwa mwaka gani. Kisha kaa na bibi umuulize majina leo leo, rekodi sauti yake kwa simu wakati anaonyesha kidole, binamu watumie picha na hiyo sauti pamoja. Ukiandika majina nyuma ya picha tumia penseli laini na usikandamize, kalamu ya wino inapenya mpaka mbele.