Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Kweli Jeshi la Marekani Halishindiki?

SWALI: Mhariri, kazini kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba jeshi la Marekani halijawahi kushindwa, na kwamba likiamua linaweza kumaliza vita vyovyote kwa wiki moja. Mwingine anasema tangu mwaka 1945 Marekani haijashinda vita vyovyote vya maana. Wote wawili wanataja vita vilevile, na kila mmoja huondoka akiamini ameshinda hoja. Ukweli uko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wote wawili wamekosea, ingawa si kwa kiasi kimoja. Anayesema Marekani haijashinda vita vya maana tangu mwaka 1945 ameisahau Kuwait. Mnamo Februari 1991 majeshi yaliyoongozwa na Marekani, baada ya wiki kadhaa za mashambulizi ya anga, yalilisambaratisha jeshi la Iraq kwa mapigano ya nchi kavu yaliyochukua saa 100 tu. Iraq wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa nchi zenye majeshi makubwa duniani. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na kulikana jambo hilo ni kujidanganya.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na mazingira yake. Saddam Hussein aliivamia Kuwait Agosti 1990, kisha akawaachia wapinzani wake miezi mitano ya kushusha Saudi Arabia askari zaidi ya nusu milioni wa Marekani pamoja na vifaru, risasi na mafuta yao, bila kuwagusa. Uwanja wa vita ulikuwa jangwa, ambako safu ya vifaru huonekana kutoka angani pasipo shida. Lengo lilikuwa moja, nalo lilipimika: Iraq itoke Kuwait. Gharama zilifika takriban dola bilioni 61, na kati ya hizo karibu bilioni 54 zililipwa na nchi nyingine, zikiwemo Saudi Arabia, Kuwait, Japani na Ujerumani. Zaidi ya yote, Rais George H. W. Bush alijua pa kusimama, kwa hiyo hakwenda Baghdad.

Mwanawe, Rais George W. Bush, alikwenda. Mwaka 2003 Baghdad ilianguka ndani ya wiki tatu, na Mei 1 rais huyo akasimama juu ya manowari ya kubebea ndege kutangaza kwamba mapigano makubwa yamekwisha. Mwezi huohuo Paul Bremer, msimamizi aliyetumwa na Washington, alilivunja jeshi la Iraq, na mamia ya maelfu ya wanaume waliojua kutumia silaha wakajikuta mitaani bila kazi. Miaka iliyofuata, mabomu ya kutegwa kando ya barabara yaliwaua Wamarekani wengi kuliko silaha nyingine yoyote ya adui. Wanajeshi wa Marekani walipoondoka Desemba 2011, karibu wenzao 4,500 walikuwa wamekufa, na vifo vya Wairaki vilikuwa vingi mno kuliko hivyo. Miaka miwili na nusu baadaye, mji wa Mosul ukatekwa na kundi la Dola la Kiislamu, huku askari wa Iraq waliofunzwa na Wamarekani wakitupa sare zao na kukimbia.

Sifa ya Marekani, kwa maoni yangu, imejumlisha mambo mawili ambayo yanapaswa kupimwa kila moja peke yake. La kwanza ni uwezo wa kufika popote na kuharibu chochote, na hapo haina mshindani. La pili ni uwezo wa kuwafanya watu wa nchi nyingine wakubali mpango wasioutaka, na hapo rekodi yake ni dhaifu sana. Mogadishu inaonyesha mambo yote mawili katika usiku mmoja. Alasiri ya Oktoba 3, 1993, kikosi maalumu cha Marekani kilishuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta karibu na soko la Bakara ili kuwakamata wasaidizi wawili wa Mohamed Farah Aidid, mbabe wa kivita wa Somalia. Operesheni ilipangwa kuchukua kama saa moja, na wasaidizi hao walikamatwa kweli. Kisha wanamgambo wakaziangusha helikopta mbili za Black Hawk kwa makombora ya kurushwa begani, ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya kupigana na ndege, na askari hodari kuliko wote wa Marekani wakazingirwa mitaani usiku kucha. Waliokolewa alfajiri kwa msaada wa vifaru vya Pakistan na magari ya deraya ya Malaysia, kwa sababu Waziri wa Ulinzi, Les Aspin, alikuwa amekataa mwezi uliotangulia ombi la makamanda wake la kupelekewa vifaru. Wamarekani 18 walifariki, pamoja na mamia ya Wasomali ambao hutajwa kwa nadra sana hadithi hii inaposimuliwa, jambo ambalo linanisikitisha kila mara. Kufikia mwisho wa Machi 1994 majeshi ya Marekani yalikuwa yameondoka Somalia, na Aidid hakuwa amekamatwa.

SWALI: Je, si kweli kwamba huko Vietnam na Afghanistan Marekani iliondoka kwa hiari yake? Nimesoma kwamba askari wake hawakushindwa katika pambano kubwa hata moja, ila wanasiasa waliwafunga mikono.

JIBU: Hoja hii ina watetezi wengi, hasa ndani ya Marekani kwenyewe, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa makini. Kuhusu mikono kufungwa, ndege za Marekani ziliangusha Vietnam, Laos na Kambodia mabomu mengi zaidi, kwa uzito, kuliko yote yaliyoangushwa na ndege zake katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1969 askari wake waliokuwa Vietnam walizidi 540,000. Ni kweli kwamba hawakuivamia Vietnam Kaskazini kwa majeshi ya nchi kavu, lakini kizuizi hicho hakikuwa woga wa wanasiasa. Mwishoni mwa mwaka 1950, Jenerali Douglas MacArthur alipoyasogeza majeshi yake hadi karibu na mto Yalu, mpakani mwa Korea na China, China iliingia vitani na kuyarudisha nyuma vibaya, na vita vya Korea vikaishia mwaka 1953 karibu na mstari vilipoanzia. Viongozi wa Washington walilikumbuka hilo, na walikuwa na haki ya kulikumbuka.

Kuhusu kuondoka kwa hiari, hapo ndipo sikubaliani nawe kabisa. Dhaifu anayepigana na mwenye nguvu hahitaji kumshinda kila pambano. Anahitaji kuendelea kuwepo mpaka mwenzake aone kwamba gharama imezidi faida. Mashambulizi ya Tet, yaani sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, ya Januari 1968 yaliwagharimu Wavietnam waliopigana na Marekani maelfu mengi ya wapiganaji na hayakuwapa mji wowote wa kudumu, lakini yaliwaonyesha raia wa Marekani kwamba majenerali waliokuwa wakiwaahidi mwisho wa vita hawakuwa wakisema ukweli. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikufa katika vita hivyo, na Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyoungwa mkono na Marekani, ikaanguka Aprili 30, 1975. Mtu anayefungasha virago baada ya kukata tamaa hawezi kusema ameondoka kwa hiari kwa sababu tu hakuna aliyemsukuma mlangoni.

Afghanistan ni fupi kusimulia, ingawa ilichukua miaka 20 na marais wanne. Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 80 kulijenga jeshi na polisi wa nchi hiyo, vikosi ambavyo kwenye makaratasi vilikuwa na watu 300,000, lakini sehemu yao walikuwa majina hewa ambayo mishahara yake iliishia mifukoni mwa makamanda. Mkataba wa Doha wa Februari 2020, wa kuondoa majeshi ya Marekani, ulitiwa saini kati ya Marekani na Taliban bila serikali ya Kabul kuwemo mezani. Agosti 15, 2021, Taliban waliingia Kabul karibu bila kupigana.

SWALI: Ikiwa hali ni hiyo, sifa hiyo ilitoka wapi, na kwa nini haiishi?

JIBU: Ilitoka viwandani. Katika Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa ya askari wa Ujerumani waliouawa walifia upande wa mashariki wakipigana na Jeshi Jekundu la Kisovieti. Mchango wa Marekani usio na mfano ulikuwa kuzalisha na kusafirisha. Iliwapa Wasovieti peke yao malori na magari mengine ya kijeshi yapatayo 400,000, huku ikiunda meli kwa kasi kuliko nyambizi za Ujerumani zilivyoweza kuzizamisha. Hiyo ilikuwa nguvu halisi, na aliyeiogopa alikuwa na sababu.

Haiishi kwa sababu wenyewe wanaoipima sifa hiyo hawapendi majibu mabaya. Mwaka 2002 jeshi la Marekani lilifanya zoezi kubwa lililogharimu dola milioni 250, ambamo jenerali mstaafu wa wanamaji, Paul Van Riper, aliongoza upande wa adui wa kubuni katika Ghuba ya Uajemi. Kwa kuwa alijua simu na redio zake zitanaswa, alituma amri kwa wajumbe wa pikipiki, kisha akaanza yeye kushambulia kwa makombora mengi kwa mpigo mmoja pamoja na boti ndogo. Meli 16 za Marekani zilihesabiwa kuwa zimezama, ikiwemo ya kubebea ndege. Wasimamizi walizirudisha meli hizo mchezoni, wakampangia masharti mapya, naye akaacha nafasi yake kwa hasira. Wasimamizi walijitetea kwamba maelfu ya washiriki walikuwa na mambo mengine ya kujaribiwa, na utetezi huo una uzito wake. Hata hivyo, ripoti za ushindi zilizotangazwa baadaye hazikustahili kuaminiwa na mtu yeyote.

Kinachopaswa kuulizwa leo ni kama vile viwanda bado vipo. Mwaka 2024 Marekani ilitumia karibu dola trilioni moja kwa ulinzi, zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya dunia nzima. Lakini katika Bahari ya Shamu manowari zake zilitungua droni za bei nafuu za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kwa makombora yanayogharimu takriban dola milioni mbili kila moja. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, Marekani ilikuwa ikizalisha takriban risasi 14,000 za mizinga ya milimita 155 kwa mwezi, wakati Ukraine ilikuwa ikifyatua maelfu kwa siku. Lengo la kufikisha 100,000 kwa mwezi liliwekwa, na hadi katikati ya mwaka 2025 lilikuwa bado mbali. Viwanda vya meli vya China, kwa upande mwingine, vinaunda meli nyingi mno kuliko vile vya Marekani, na idadi ya manowari za China tayari imeipita ya Marekani.