Wakizunguka usiwahesabu, subiri watoke

Mkuu, umeuliza mtu anawezaje kuhesabu vipanga mia mbili wanaozunguka angani kwa pamoja bila kumrudia yuleyule mara tatu. Jibu langu: wakiwa wanazunguka, usihesabu kabisa.

Msimu wangu wa kwanza wa vuli nilisimama mgongoni mwa mlima na kile kimashine cha kuhesabia, cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kundi likaibuka mbele yetu, vipanga wanaohama kwenda kusini, wanapanda huku wakizunguka. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma: 310. Mwenzangu, mzoefu, hakubonyeza hata mara moja. Alitulia tu na darubini machoni. Wale wa juu kabisa wakaacha kuzunguka, wakakunja mabawa kidogo, wakaanza kuteleza kuelekea kusini, mmoja nyuma ya mwenzake. Hapo ndipo kidole chake kilipoanza kazi. Alipata 184. Mimi nilikuwa nawahesabu walewale kila wanapopita upande wangu.

Jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na ndege mbuai, yaani wanaowinda kama vipanga na tai, hupanda nayo bila kupiga mabawa, maana safari ni ndefu na nguvu ni za kubania. Ikiisha kuwafikisha juu, huteleza mpaka kwenye hewa nyingine inayopanda. Kwa hiyo tafuta alama isiyosogea, kilele au mnara, uhesabu wanaoivuka tu. Mstari ukiwa mnene, hesabu kumi kwa makini, lishike jichoni umbo la hao kumi, kisha nenda kwa makumi.

Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, ndiyo maana wanaikwepa na kubanana kwenye njia nyembamba. Veracruz, Mexico, hupita mbuai zaidi ya milioni 4 katika vuli moja. Batumi, Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima, hupita zaidi ya milioni 1. Huko makumi ni lazima.

Anga ya buluu tupu inapendeza lakini inameza ndege. Mimi hufurahi nikiona mawingu meupe, kwa sababu hata kidoa cha mbali kinaonekana.

Sasa daftari, na hapa naomba unisikilize sana. Kila saa iandikwe: aina, idadi, upepo, mawingu, watazamaji wangapi. Saa isiyopita ndege andika 0, usiiruke. Usiyemtambua mwandike hivyo hivyo, mbuai asiyetambulika. Kumbambikia jina ni kuharibu kazi ya wote. Na ukiweza kumtofautisha mchanga na mkubwa, andika.

Umri una uzito kuliko unavyodhani. Hawk Mountain, Pennsylvania, Marekani, watu walikuwa wakipanda kuwapiga risasi ndege hawa kwa mamia, mpaka Rosalie Edge, mtetezi wa ndege, alipoukodi mlima ule mwaka 1934 na Maurice Broun akaanza kuwahesabu wanaopita. Mwaka 1962 Rachel Carson, mwandishi wa kitabu Silent Spring, alizitumia hesabu zile kuonyesha kwamba tai wenye kichwa cheupe waliokomaa bado wanapita, ila wachanga, wale wa kahawia, wamekuwa wachache mno. Wazazi wapo, watoto hawapo. Ilikuwa moja ya dalili zilizoelekeza macho kwenye DDT, sumu ya kuua wadudu, na Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Broun angeandika "tai" basi, bila umri, dalili ile isingeonekana. Kila nikichoka saa tisa alasiri, shingo imekakamaa, namkumbuka yeye.

Ukipanda safari ijayo, nenda na mtu wa kuandika. Wewe utaje namba kwa sauti, yeye aandike, ili macho yako yasishuke kwenye daftari wakati kundi ndiyo linatoka.